Barua ya wazi: Lori moja la mbao, karatasi mbili za mpakani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya misitu, fedha na biashara wa Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa wakuu wa taasisi za misitu na mamlaka za mapato za nchi hizo. Na kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

YAH: UPIMAJI WA MBAO NGUMU ZINAZOVUKA MIPAKA YETU

Waheshimiwa,

Tunaandika kama watu ambao kazi yao ni kupasua, kupima na kununua mbao. Mengi yamesemwa kuhusu miti inayokatwa usiku porini. Sisi tunaomba mtazame mahali pengine: mpakani, mchana kweupe, mbele ya mihuri yote. Nchi mbili zinazogusana huandika mzigo ule ule kwa majina mawili na kwa vipimo viwili, kisha karatasi hizo mbili hazikutanishwi kamwe.

Dalili zilionekana zamani. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu uvunaji wa kusini mwa Tanzania ilieleza kwamba China iliandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara 10 ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuyatoa. Na hiyo ilikuwa biashara ya meli, yenye makontena ya namba na hati ya shehena. Lori la turubai linalovuka Tunduma au Mpondwe lina ushahidi mdogo zaidi. Septemba 2015 taasisi za misitu za Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar, wakiwa Durban, kuhusu biashara haramu ya mbao. Azimio ni zuri. Halikumpa mkaguzi wa mpakani tepu.

Njia mnazijua. Mbao za Ituri na Kivu ya Kaskazini hutoka Mambasa, Beni na Butembo, huvuka Kasindi kuingia Mpondwe, hushushwa kwenye yadi za Ndeeba mjini Kampala, halafu huendelea Malaba au Busia hadi Gikomba, Nairobi. Za Zambia na Haut-Katanga huja Nakonde na Tunduma, kisha huteremka Dar es Salaam. Za Tanzania hupanda Namanga, Holili na Horohoro. Kenya ilipofunga uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, mahitaji ya wajenzi na mafundi hayakufungwa pamoja nayo. Wafanyabiashara waligeukia Tanzania, Uganda na Kongo. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa paini ya mashambani, jambo halali kabisa. Tatizo ni kwamba lori la paini ndilo mahali rahisi pa kulaza mninga katikati, na mkaguzi asiyeshusha hata safu moja ataona paini tu.

Jingine lililobadilika ni mbao zenyewe. Ubao wa mninga wa upana wa inchi 12, kiini kitupu, sasa ni wa kuagiza. Yadini utakuta inchi 6 na 8 zenye weupe wa chini ya gome pembeni, ndiyo maana meza nyingi za leo zimeunganishwa kwa gundi. Mtundu na mkarati, ambayo fundi wa makabati zamani hakuigusa, imeanza kupangwa kwenye rafu za mbele. Soko linawaambia wazi kwamba miti minene imepungua.

Tuanze na kipimo, maana huko ndiko mbao nyingi huliwa.

Ubao wa inchi 2 kwa 6 wenye urefu wa futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili: 2 mara 6 ni 12, gawa kwa 144, zidisha kwa 12, unapata 1. Vipande 35 na kidogo vya namna hiyo ni mita moja ya ujazo. Lori lenye vipande 700 litaandikwa futi za ujazo 700, yaani mita 19.8. Sasa chukueni tepu mpime ubao wenyewe. Mpasuaji huacha unene wa ziada kwa ajili ya kusinyaa na kuranda, na hapo hana kosa. Asipofanya hivyo fundi atapata ubao pungufu. Lakini ubao ukiwa na inchi 2¼ kwa 6½, na urefu wa futi 12 na nusu, ujazo wake ni futi 1.27. Vipande vile vile 700 vinakuwa mita 25.2. Zaidi ya mita 5 zimevuka bila kulipiwa, na hakuna aliyedanganya idadi ya vipande. Mkaguzi aliyehesabu vichwa vya mbao na kuzidisha kwa kipimo cha jina amefanya kazi yake kwa uaminifu na amekosea kwa zaidi ya robo.

Dawa yake ni nyepesi. Vipimwe vipande 20 kutoka pande mbalimbali za mzigo, unene, upana na urefu halisi, upatikane wastani, ndipo uzidishwe kwa idadi. Unene upimwe katikati ya ubao, si kichwani, kwa sababu msumeno wa mnyororo ukishikwa kwa mkono huacha kichwa kimoja kinene na kingine chembamba.

Kisha kuna mizani, na hapa tunaomba msome polepole. Kila lori zito linalopita barabara kuu hupimwa, Mpemba, Vigwaza, Webuye, Gilgil, Mlolongo, kwa sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inayoruhusu tani 56 kwa ekseli 7. Tiketi ya mizani hutumika kulinda lami tu. Maafisa wa misitu hawaiombi, nayo ndiyo karatasi ngumu kuliko zote kuidanganya.

Mninga mkavu una wastani wa kilo 640 kwa mita ya ujazo. Mvule uko karibu na 650, mkongo huzunguka 800, mpingo hupita 1,200 na huzama majini. Ikiwa hati inasema mita 20 za mninga mkavu, mzigo uwe karibu tani 13. Lori na treila tupu vikiwa tani 16 na mizani ikasoma 44, mzigo ni tani 28. Gawanya kwa mita 20: kilo 1,400 kwa mita. Hakuna mninga wa kilo 1,400. Hata mpingo kwa kawaida haufiki hapo. Ama mita ni nyingi kuliko zilizoandikwa, ama chini ya mninga kuna kitu kingine. Hesabu hiyo hufanywa kwa simu ya kitochi.

Mtatuambia mbao mbichi ni nzito, na ni kweli. Mninga wenye unyevu wa asilimia 30 hufika kama kilo 740 kwa mita. Kwa hiyo mkaguzi awe na kipima unyevu cha pini mbili, achome sentimita 30 au zaidi kutoka kichwani mwa ubao, kwa sababu kichwa hukauka mapema na kitamdanganya. Juu ya asilimia 30 kifaa hicho si cha kuaminika, hivyo mbao mbichi kabisa ziandikwe “mbichi” na zipewe nafasi pana zaidi ya tofauti. Kwa zilizokauka, tofauti ya asilimia 15 kati ya uzito wa mizani na uzito wa hesabu ni ya kawaida, kwa kuwa miti ya aina moja hailingani. Ikizidi hapo, mzigo ushushwe.

Hesabu hiyo hiyo irudishwe nyuma hadi kwenye leseni ya uvunaji. Msumeno wa mnyororo hutoa kati ya robo na theluthi ya gogo kuwa mbao. Njia ya mnyororo peke yake hula karibu sentimita nzima kila unapopita, na kilichobaki ni mabanzi na vumbi. Msumeno wa mkanda, ukiwa na mpasuaji mzuri, hufika karibu nusu. Leseni ya mita 30 za magogo yaliyopasuliwa kwa mnyororo haiwezi kuzaa zaidi ya mita 10 za mbao. Zikionekana hati za kusafirisha mita 20 zinazotaja leseni hiyo moja, kuna magogo ya mita 30 nyingine ambayo hayakuwahi kugongwa nyundo ya misitu, ile inayoacha alama ya ukaguzi. Kwa hiyo hati ya kusafirisha itaje namba ya leseni na aina ya msumeno.

Sasa majina. Mninga ukiwa Zambia unaitwa mukwa, ukiwa Msumbiji ni umbila. Mkongo ni mbambakofi kwa watu wa pwani ya Kenya, chanfuta kwa Msumbiji. Mpande ni jambire. Mvule huandikwa kambala kwenye karatasi za Kongo na iroko kwenye za wanunuzi wa mbali. Mkurungu ni mkula. Kwa hiyo mzigo unaweza kutoka nchi moja ukiwa mukwa na kuingia ya pili ukiwa mninga, na mfumo wa kompyuta ukaona biashara mbili zisizohusiana. Mkula na mninga ni jamaa moja, Pterocarpus. Wakati mkula pekee ulipokuwa chini ya ulinzi mkali, kuuandika “mninga” kulitosha. Na neno “mahogani” kwenye yadi za Kampala na Nairobi hubeba karibu kila mbao nyekundu, ikiwemo mkangazi na sapeli, ambazo kisheria haziko kundi moja.

Hati ziandike jina la kisayansi pamoja na jina la mahali. Na mkaguzi aweze kulihakiki bila maabara. Akate kichwa cha ubao kwa wembe mpya, alowanishe kidogo, aangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Mkongo huonyesha matundu yaliyozungukwa na alama nyeupe zenye umbo la almasi, na ndani ya matundu mna unga wa njano. Kitambaa kibichi kikilazwa juu yake huchukua rangi hiyo. Mvule huwa wa njano ukipasuliwa, kisha jua huufanya wa kahawia, na ndani yake hupatikana vijiwe vya chokaa vinavyolemaza meno ya msumeno. Kwa jamaa ya mninga, randa nyuzi chache za kiini, zitie katika glasi ya maji safi, subiri dakika kadhaa, uishike juani mbele ya kitu cheusi: maji hung'aa buluu. Jaribio hilo halimtofautishi mninga na mkula, lakini humkamata anayesema mzigo wake ni mtundu. Sapeli mbichi hunukia kama mwerezi. Mkangazi haunukii hivyo.

Kwa nini jina ni muhimu? Kwa sababu tangu 23 Februari 2023 Pterocarpus zote za Afrika (jamaa ya mninga), Afzelia zote za Afrika (ya mkongo) na Khaya zote za Afrika (ya mkangazi) zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mkula ulitangulia mwaka 2019, na mpingo, pamoja na Dalbergia nyingine, umo tangu 2 Januari 2017. Maana yake mninga, mkongo na mkangazi hauvuki mpaka wowote bila kibali cha nchi unakotoka, hata kama mpaka wenyewe ni kamba na kijana wa kuifungua. Bado kuna maofisa wanaoamini CITES ni ya meli ziendazo Asia. Hapana. Lori la Tunduma, la Mpondwe, hata jahazi: yote yamo.

Kibali cha kutoa mzigo hudumu miezi 6 kwa kikomo, na kina sehemu ya kujaza kiasi kilichotoka kweli, siku ya kutoka, kwa saini na muhuri. Sehemu hiyo ikiachwa wazi, kibali cha mita 100 kinaweza kusindikiza mita 30 leo, 90 wiki ijayo na 100 mwezi ujao. Tunaomba agizo moja la mstari mmoja: kibali ambacho sehemu hiyo iko wazi kihesabiwe hakipo, na nchi inayopokea ikirudishe.

Forodha nayo ina shimo lake. Katika mfumo wa namba za bidhaa, mbao zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6 ni 4407. Mtiki una mstari wake, 4407.23. Sapeli, 4407.27. Mvule, 4407.28. Mninga, mkongo na mkangazi, yaani ile mitatu inayohitaji kibali, yote huangukia 4407.29, “nyingine”, pamoja na mtundu na kila kisicho na jina. Ndiyo kusema hata forodha ikifanya kazi kikamilifu, takwimu zake haziwezi kuonyesha mninga kiasi gani umevuka. Jumuiya hutumia tarakimu 8. Tarakimu 2 za mwisho ni zenu. Fungueni mistari mitatu chini ya 4407.29. Zambia haimo katika Jumuiya, lakini inaweza kufanya vivyo hivyo upande wake.

Kuna jambo ambalo tunalipenda katika orodha ile ya CITES. Inashika magogo, mbao, veneer, plaiwudi na mbao zilizochongwa ulimi na mfuo. Samani na milango iliyokamilika haimo. Na tangu Julai 2022 samani zitokazo nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 35. Vyote viwili vinamsukuma mninga utoke Kilwa ukiwa mlango badala ya kutoka ukiwa ubao, na misitu ya vijiji ya Kilwa, iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC cha misitu inayotunzwa vizuri, inaweza kumpa fundi mbao yenye historia safi. Ila mkaguzi ajue mlango ni nini. Mbao nne zilizogongelewa vipingo viwili kwa misumari isiyozama si mlango. Zitang'olewa upande wa pili kabla ya jua kuzama.

Kuhusu Kongo tutasema kwa ufupi. Bunagana, mpakani na Uganda, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2022. Hati ya mbao yenye muhuri wa kituo hicho baada ya hapo inahitaji swali la pili kutoka kwa afisa wa Uganda: imetolewa na nani, na kodi imeingia mfuko gani? Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka huo huo wa 2022, kwa hiyo njia ya kuuliza ipo. Jihadharini pia na kinyume chake: mbao zilizokatwa ndani ya Uganda au Kigoma kuandikwa “za Kongo”, kwa sababu mzigo wa mpito, unaopita tu kwenda nchi nyingine, hauulizwi leseni ya uvunaji ya mahali. Mzigo wa mpito ufungwe lakiri ya kielektroniki. Kenya, Uganda na Rwanda zinao mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo tangu 2017. Mbao zikishushwa Ndeeba na kupakiwa upya, si mzigo wa mpito tena. Ziandikwe upya.

Marufuku za ghafla zinatutia hasara sote, na hazilindi miti mnavyodhani. Nchi moja ikifunga bila kumwambia jirani, bei hupanda yadini na minyororo hulia upande wa pili wa mpaka wiki hiyo hiyo. Halafu hutolewa “muda wa kuondoa magogo yaliyokwisha kukatwa”, na katika muda huo magogo hayo hayaishi. Mkilazimika kufunga, hesabuni akiba ndani ya siku 14, gogo kwa gogo, kipenyo cha vichwa vyote viwili na urefu, mgonge nyundo vichwa vyote viwili, na orodha ifike kwa jirani kabla gogo la kwanza halijapanda lori. Kisiki kibichi na gogo “la mwaka jana” hutofautishwa na mtu yeyote mwenye macho: gogo la zamani limepasuka vichwani na weupe wake umetobolewa na wadudu.

Mnada wa mbao zilizokamatwa ni mlango mwingine. Risiti ya mnada ni karatasi halali isiyo na leseni nyuma yake, na isipokuwa na kikomo inaweza kusafisha mizigo mitatu. Iwe na idadi ya vipande, ujazo uliopimwa na siku 30 za kutumika. Vichwa vya mbao vipakwe rangi moja iliyotengwa kwa mnada. Na mbao hizo zisivuke mpaka.

Hatuombi taasisi mpya wala kongamano. Tunaomba miezi 6 ya majaribio katika mipaka miwili: Tunduma na Nakonde, kisha Mpondwe na Kasindi. Kila upande uwe na tepu mbili, lenzi, wembe, glasi na kipima unyevu. Kila lori la 4407 liandikwe mstari mmoja: namba ya gari, namba ya tamko la forodha, jina la kisayansi, idadi ya vipande, ujazo uliopimwa, kilo za mizani, namba ya leseni na ya kibali. Mifumo ya kompyuta ya forodha iko tofauti, TANCIS huku, ASYCUDA kule, na kuiunganisha kutachukua miaka. Jedwali la kawaida linalotumwa kwa barua pepe kila tarehe 10 linatosha kwa sasa. Maofisa wa pande mbili wakae na jedwali zote mbili, wapite gari kwa gari. Gari lililotoka na halikuingia litaonekana. Lililoingia na halikutoka litaonekana. Lililobadilisha jina la mti katikati ya daraja nalo litaonekana.

Majedwali hayo yatangazwe, bila majina ya wafanyabiashara, ili na sisi tuyasome. Mafunzo ya kutambua aina kumi za mbao zinazovuka zaidi hayahitaji zaidi ya siku tatu mezani na siku mbili yadini, na vipande vya mfano tunavyo.

Wenu katika kazi,

Wapimaji, wapasuaji na wauza mbao, pamoja na mafundi seremala